Ladha ya Misumari

9 Januari

Mpwa wangu, Daktari wa Vioo,

Salamu zangu zikufikie wewe na mumeo, na yule mjukuu wangu mdogo umwulize kwa niaba yangu kama ameacha kuuma watu. Huku mambo yanakwenda. Mimi mzima, isipokuwa sehemu moja ambayo nitaifikia, usinikimbize. Paa la karakana lilikuwa linavuja, nikapanda mwenyewe nikaliziba, na umri huu, wapita njia wakasimama kuangalia. Mama Mapazia, yule mshonaji jirani ambaye ukuta wetu ni mmoja, alitoka nje akashika kiuno akaniambia nikianguka hataniokota. Sikuanguka. Alirudi ndani kwa aibu.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, kama unavyoona. Madarasa manne tu na hakuna herufi iliyolala. Simu usinipigie. Miaka hamsini ya nyundo imeniachia sikio moja na nusu, na hilo nusu linasikia mluzi tu.

Sasa ile sehemu. Lile tumbo langu la siku zote limeanza ujeuri. Nikila matonge matatu nimeshiba kama nimekula sufuria zima. Kiungulia kinapanda mpaka kooni, nacheua kutwa, chini ya kifua kunawaka. Nimekuwa nikikoroga magadi kwenye maji, kijiko asubuhi kijiko jioni, na kwa miaka mingi tumeelewana vizuri mimi na magadi. Mama Mapazia ananiambia nakonda, suruali nimezifunga kama gunia. Nikamwambia mwenye kukonda ni suruali.

Basi mwezi uliopita nilikuwa natengeneza makochi ya mwalimu mkuu, kitambaa cha mahameli ya kijani, kazi ambayo hakuna fundi mwingine hapa anayeigusa. Nikainama kukaza mikanda ya chini, mara nikatapika juu ya ile mahameli. Nimeiosha, nimeikausha, mwenyewe hatajua mpaka anakufa. Lakini Mama Mapazia alisikia kupitia ukutani, akanishika mkono kama mtoto mtoro, akanipeleka hospitali.

Wakasema wataniingiza mpira wenye kamera. Nesi akauliza kama nataka sindano ya kunisinzisha. Nikamwambia, binti, mimi ni fundi wa makochi, nimetia misumari mdomoni tangu kabla mama yako hajaolewa, arobaini kwa mara moja, naitoa mmoja mmoja kwa ulimi huku napiga nyundo, mpira ni nini? Mpwa wangu, ulipoingia nilimwita mama yangu, na amelala kaburini miaka thelathini. Lakini sindano sikuchomwa.

Daktari alinionyesha kwenye televisheni yake. Ukuta wa tumbo ni mwekundu mahali pengine, mahali pengine umepauka kama kiti kilichokaa kwenye jua la dirishani upande mmoja. Akanyofoa vipande vitano, vidogo kama punje za mtama, akavitia kwenye vichupa. Akaniuliza kama nimewahi kutumia dawa za hospitali za tumbo, nikamwambia mimi na hospitali tunapitana barabarani tu. Akaandika.

Hapa kwetu hawana mashine za kusoma nyama. Wamesema vichupa vinapelekwa hospitali kubwa, na nilipouliza ipi, ni hiyo yako. Kwa hiyo nyama ya mjomba wako iko njiani. Ukiiona uipe heshima yake, kisha uniandikie mapema inasema nini, nisisubiri foleni ya watu.

Mjomba wako, Fundi.


2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilinikuta nimerudi kazini baada ya mafua ya wiki nzima. Mume wangu hajambo, wamempa zamu ya asubuhi, sasa tunaonana angalau. Mjukuu wako hajaacha. Juzi kamuuma mwalimu wake, nimeitwa shuleni, nimekaa kwenye kiti cha watoto magoti yakiwa masikioni huku nikihutubiwa.

Kuhusu majibu, Mjomba, hayo atakupa daktari wako. Hata kama vichupa vyako vimepita mezani kwangu, kazi hii imenifunga mdomo. Mimi hukata nyama iliyogandishwa kwenye nta, vipande vyembamba kuliko karatasi, naviweka kwenye vioo, navitia rangi. Anayesoma ni daktari. Unanitania jina la Daktari wa Vioo tangu nilipoanza kazi na nimelizoea, lakini mimi si daktari.

Ninachoweza kukueleza ni cha kila mtu. Kuna bakteria anayeishi tumboni. Kwenye hadubini anaonekana amejisokota kama springi za makochi yako, amejichimbia kwenye ute. Watu wengi wanaye tangu utotoni na hawajui. Lakini kwa wengine, akikaa miaka, ukuta wa tumbo hautulii. Unavimba, tezi zake zinapungua, na sehemu nyingine inaacha kufanana na tumbo inaanza kufanana na utumbo. Hiyo si saratani. Ni njia ambayo wachache wakiachwa humo muda mrefu hufika huko. Magadi hayamuui huyo, Mjomba. Yanazima moto kwa saa moja tu.

Anatibika. Dawa ni za siku kumi na nne, huruki mchana wala usiku. Na hapa nina swali, naomba unijibu kwa makini. Umemwambia daktari hujawahi kutumia dawa za tumbo. Ni kweli? Maana bakteria aliyewahi kukutana na dawa hizi akaachwa nusu hai huwa sugu. Akipewa zile zile anazicheka. Daktari akijua, atachagua nyingine. Asipojua, utameza wiki mbili za bure.

Unajua kwa nini nauliza. Mama alipokuja huku akapimwa akakutwa naye, ni mimi niliyemsihi daktari aandike dawa zile, na ni mimi niliyezifunga nikamtumia huko karakanani kwako. Wewe ukaniandikia amemaliza zote. Barua hiyo bado ninayo. Kwa sababu amemaliza, sikumsumbua arudi kwa kipimo cha kuhakiki, na alipolalamika tena nilimwambia daktari kwamba bakteria tumeshamtoa, itakuwa gesi. Tukakaa mwaka mzima. Miaka mitatu tangu tumzike, Mjomba, na bado najiuliza kama nilimchagulia dawa mbaya. Sitaki kukosea mara ya pili kwa mtu wa tumbo lile lile.

Nisalimie Mama Mapazia.

Mpwa wako.


24 Februari

Mpwa wangu,

Salamu tele. Huku joto limezidi, gundi inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye mbao. Mama Mapazia kapata kazi ya mapazia ya ukumbi wa mikutano, na mimi nimepata viti vya ukumbi huo huo, ishirini, kwa hiyo sasa anajiona ameniletea riziki, ananisemesha kama mke.

Majibu yametoka na hukuniambia wewe. Nimeyachukua kwenye foleni, saa nne nzima, kati ya mtoto aliyekuwa analia na mzee aliyekuwa anajisifu. Bakteria yupo. Na ukuta umegeuka kama ulivyoeleza, mahali pawili. Daktari akanichorea kwenye karatasi. Nikamwambia mchoro wako mbaya, kijana, na nikamwelewesha kwa lugha ya kazi: kwamba kitambaa cha juu kimechakaa na aliyekishona upya amekosea kitambaa. Akacheka, akasema ndiyo hivyo hasa. Sasa anawaambia wagonjwa wengine, na maneno ni yangu.

Nimepewa dawa, aina tatu, boksi liko juu ya rafu ya vitambaa. Sijazianza. Nangoja nimalize viti vya ukumbi. Kazi yangu mdomo ndiyo mkono wa tatu, mtu akiwa na misumari mdomoni kutwa, halafu dawa hizo zikamwachia ladha ya misumari hiyo hiyo mpaka asubuhi, chakula kinakuwa chuma, hata maji yanakuwa chuma, atajuaje kama ametema yote? Atameza msumari bila kujua. Nikimaliza viti nitazianza.

Kuhusu maswali yako, yamekuja kama ya kituo cha polisi. Nilimwambia daktari sijawahi, na wewe nakuambia sijawahi. Mimi neno langu ni moja, mtaa mzima unajua. Na mama yako usijitese kwa ajili yake. Siku yake ilifika. Wewe hukukosea kitu.

Mjomba wako, Fundi.


12 Machi

Mjomba, shikamoo.

Kwetu wazima.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa kazini, nimesimama. Ni kweli, moja ya dawa hizo huacha ladha ya chuma mdomoni. Ladha hiyo inajulikana na waliozimeza. Wewe umeniandikia hujazianza, boksi liko juu ya rafu.

Umeijuaje?

Usizianze mpaka unijibu.

Mpwa wako.


30 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu kwenu nyote. Kuchelewa kwangu kusikupe mawazo. Kwanza karani wa posta alikuwa likizo. Pili, viti vya ukumbi vilinitoa jasho, mbao za chini zilikuwa zimeliwa na wadudu ikabidi nianze upya, na nimevitoa vizuri kiasi kwamba meneja alivipapasa kwa mkono akasema haamini ni vile vile. Tatu, nilikuwa na kichomi.

Swali lako ni dogo na umelikuza. Nilionja kidonge kimoja. Cha mama yako, wakati ule. Nilitaka kujua anachonyweshwa dada yangu ni kitu gani, maana ni mimi kaka yake, na huko kwenu mnatuma vitu kwenye bahasha tusivyovijua. Kimoja, basi. Pengine viwili.

Tumbo linaendelea hivyo hivyo. Nimeacha magadi, kama ulivyotaka.

Mjomba wako, Fundi.


14 Mei

Mjomba,

Hukuandika ladha ya kidonge kimoja. Uliandika mpaka asubuhi. Uliandika hata maji.

Ulikula siku ngapi? Na mama alikula siku ngapi? Niandikie tarakimu mbili. Habari za viti sizihitaji.


3 Juni

Mpwa wangu,

Hukuniamkia. Nimeona.

Tisa. Tano.

Hizo ndizo tarakimu. Mimi tisa, yeye tano. Ningeishia hapo kama ulivyotaka, lakini zikisimama peke yake zitakuambia jambo baya kuliko lilivyokuwa, au labda ndivyo lilivyokuwa, utaamua mwenyewe.

Unajua mama yako na mimi tulivyolelewa. Baba hakuleta kitu kimoja akampa mmoja. Kila kilichoingia nyumbani kilikatwa katikati. Daftari alilichana mgongoni, nusu yangu nusu yake. Penseli aliikata kwa kisu, nikachukua kipande kilichochongwa, yeye akabaki na butu, na wembe wa kuchongea nilikuwa nao mimi. Ndiyo maana leo mimi naandika na yeye alikufa anatia dole gumba. Sijawahi kumwambia mtu hilo, na yeye hakuwahi kunikumbusha.

Dawa zako zilipofika alianza vizuri. Siku ya tano akalalamika mdomo una kutu na tumbo linaharisha. Mimi tumbo langu lilikuwa linawaka kuliko lake, au niliona hivyo. Nikamwambia, wewe umeshapata nafuu, mwili wako mdogo, siku tano zinakutosha, nipe mimi zilizobaki. Si yeye aliyetoa. Ni mimi niliyeomba. Akasema, mwanangu amesema nimalize. Nikamwambia mwanao ni daktari wa vioo. Jina hilo lilianzia hapo, siku hiyo, kitandani kwake. Akacheka, akanipa.

Nikala siku tisa. Miezi miwili sikusikia kiungulia, nikatembea nimejaa kifua, nikamwambia unaona, dawa ilikuwa inamtafuta mwenyewe. Yeye alikuwa amekaa pale kwenye kochi la springi mbovu, akasema ndiyo kaka.

Kisha ukaandika kuuliza kama amemaliza. Barua zake nilikuwa nazijibu mimi, hilo unajua. Nikaandika, mama yako amemaliza dawa zote anakushukuru. Akaniambia nisome nilichoandika. Nikamsomea, nimesema umekula vizuri. Kwa hiyo hata yeye nilimsomea kisichokuwamo. Na simu yako ilipokuja nikamwambia akuambie hivyo hivyo, tusikutie wasiwasi ukiwa mbali na kazi ngeni. Akakuambia. Kwa hiyo naye alikuficha, mpwa wangu, usinitwishe mimi peke yangu.

Na mwaka ule ulipokuwa unauliza hali yake, nikawa naandika hajambo, tumbo limetulia. Usiku nilikuwa nasikia anavyojigeuza. Kati yetu palikuwa na ubao mmoja tu, na masikio yalikuwa bado mawili. Nilikuwa najua nikisema amerudia, utauliza dawa zilikwenda wapi.

Hayo ndiyo. Boksi la hospitali liko pale pale juu ya rafu, sijaligusa. Ukitaka nilirudishe nitalirudisha. Ukitaka nikae nalo mpaka ukuta umalize kugeuka, sitabisha.

Andika unachotaka kuandika. Lakini andika.

Mjomba.


8 Agosti

Mjomba,

Boksi lirudishe. Dawa zilizomo ni zile zile. Daktari wa hapa amemwandikia wa kwako kwamba uliwahi kuzitumia na hukumaliza, bila kueleza zaidi. Utapewa nyingine, aina nne, ni nyingi na zitakuchosha. Siku kumi na nne. Kinyesi kitakuwa cheusi kwa sababu ya moja yao, usishtuke. Ukiona kingine chochote, rudi hospitali usingoje viti.

Mwezi mmoja baada ya kumaliza utapimwa choo, kuona kama ameondoka. Na hata akiondoka, zile sehemu mbili zilizogeuka huenda zikabaki vile vile, kwa hiyo kamera itaingia tena siku zijazo. Daktari atakuambia lini. Utakwenda.

Utazimeza mbele ya Mama Mapazia, asubuhi na jioni. Nimemwandikia. Sikumweleza kwa nini. Utafungua mdomo aone.

Sasa sikia na langu. Vipande vya mama, vile vya mwisho, nilivikata mimi bila kujua. Huku vinakuja na namba tu. Nilivikata, nikavitia rangi, nikavipeleka kwa daktari, na ilikuwa siku nzuri, tulikuwa tunacheka kitu na wenzangu, mpaka alipotoka na karatasi ameishika kwa mikono miwili akaniambia nikae. Na vyako vya Januari nilivikata pia, safari hii nikijua ni vya nani, maana niliulizia namba. Nilikuwa na furaha kwamba vimekuja kwangu. Niliomba kazi hiyo nipewe mimi.

Nilimwuliza daktari, baada ya barua yako, kama dozi nzima ingemwokoa mama. Akasema hajui. Huenda ukuta ulikuwa umeshakwenda mbali siku nyingi, dawa isingeurudisha. Nilipomwuliza kuhusu ule mwaka mmoja, hakusema hajui. Aliinamia hadubini yake.

Miaka mitatu nimelala na kuamka nikijua ni mimi. Nilisoma majina ya dawa zile mpaka nayajua kama majina ya watoto. Ulikuwa unajua najisumbua hivyo, maana nilikuandikia, na ukanijibu siku yake ilifika.

Umesema naye alinificha nisikutwishe wewe peke yako. Yeye nimemsamehe.

Vipande vyako vijavyo, vikifika hapa, nimeomba avikate mwenzangu. Kazi hii inataka mkono uliotulia.


16 Oktoba

Mpwa wangu,

Salamu sitarefusha.

Boksi nimelirudisha. Hizo aina nne nilipewa tarehe ishirini Agosti. Asubuhi na jioni nimekwenda upande wa pili wa ukuta, nikakaa kwenye stuli katikati ya mapazia ya watu, nikameza, nikafungua mdomo, nikainua ulimi. Wateja wake walikuwa wanaona. Mmoja alimwuliza kama mimi ni baba yake aliyerudia utoto, naye hakumkatalia.

Mdomo ulikuwa mchungu, sitasema kama nini. Miguu ilikosa nguvu. Kazi nilisimamisha, siku zote kumi na nne sikutia msumari mdomoni, na kochi la watu liko wazi mpaka leo springi zimetoka nje. Nilimaliza tarehe mbili Septemba jioni.

Wiki iliyopita nimepimwa choo. Bakteria hayupo. Daktari akanipa mkono, akasema hongera mzee. Nikamwambia asinipe hongera. Ukuta amesema haujulikani, zile sehemu mbili zitaangaliwa kwa kamera mwaka kesho kutwa, na mimi nimeandika tarehe kwenye mlango kwa chaki. Sasa nakula sahani nzima. Nakula peke yangu, na inashuka yote.

Uliloamua kuhusu vipande vyangu ni sawa.

Wala sikuandikii ili unijibu. Nataka tu ijulikane kwamba safari hii dozi imekwisha. Na kwa kuwa mwandiko wangu umeshausoma miaka mingi na unajua thamani yake, nimemwomba jirani aandike hapa chini yeye mwenyewe.

Mjomba.

*

Mimi ni mshonaji jirani yake. Ni kweli, amemeza zote, nimehesabu kwa macho yangu, siku kumi na nne.

Siku ya sita alikuja akakaa kwenye stuli, vidonge kiganjani, asimeze. Nikamwuliza kuna nini. Akasema dada yake hakuifikia siku hii. Nikazima cherehani nikamngoja. Ilikuwa saa tatu asubuhi, akaja kumeza adhuhuri inakaribia.

Hilo hakuliandika, na ameniomba nami nisiliandike.